Piga Picha ya Skrini Kabla ya Kufunga Ukurasa



Msimu wa basari ukifika, benchi lililo nje ya ofisi yetu hujaa kabla ya saa tatu asubuhi. Wengi wanaoketi hapo hawajaja kuomba fedha. Wamekuja kuuliza ni kwa nini jina la mtoto halimo kwenye orodha, ilhali fomu ilijazwa mtandaoni na maandishi ya kijani yakatokea kusema kuwa ombi limepokelewa. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, niliyaona kwa macho yangu haya mawili." Nikamjibu, "Nakuamini, mama. Lakini watakaokagua hawakuwa nawe pale saiba." Hakuwa na nambari ya ombi, hakukumbuka siku, na kijana aliyemjazia fomu alikuwa amehamia mji mwingine. Tulipotafuta kwa jina tukapata watoto wanne wenye majina yanayofanana na ya mwanawe. Ombi lake lilipatikana baada ya majuma matatu. Kufikia wakati huo hundi za shule zilikuwa zimeshaandikwa.

Simsimulii ili acheke mtu. Mimi mwenyewe, nikiwa nimetoka chuoni juzijuzi na shahada yangu ya uanahabari, niliomba kazi mtandaoni siku ya makataa. Nambari ya ombi niliiandika nyuma ya tiketi ya matatu. Nilipopiga simu baadaye kuuliza, nambari niliyoisoma ilikuwa imepungua tarakimu moja. Aliyepokea alinisikiliza kwa upole, kisha akaniambia nambari ya namna hiyo hawana. Siku ile nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta ambayo ingeninakilia kila kitu kwa vitufe viwili tu, nami sikujua.

Vitufe hivyo viwili ndivyo somo la toleo hili.

Picha ya skrini, au skrinshoti kama vijana wanavyoiita, ni nakala ya yale yote yanayoonekana kwenye kioo cha kompyuta kwa wakati ule unapoipiga. (Walimu wetu wa Kiswahili wangetaka niseme tarakilishi, nami sina ugomvi nao.) Si sawa na kuinua simu na kuipiga picha kompyuta. Picha za aina hiyo tunaletewa kila wiki: mistari ya rangi imekatiza maandishi, taa ya dari inang'aa juu ya nambari tunayoitafuta, na pembeni tunaona kikombe cha chai na kidole cha mpigaji. Ikiwa huna njia nyingine, piga hivyo hivyo, ni afadhali kuliko kukosa. Lakini kompyuta yenyewe hutoa nakala safi, isiyopinda, ambayo kila tarakimu yake inasomeka.

Tazama sehemu ya juu ya kibodi, upande wa kulia. Utaona kitufe kilichoandikwa PrtSc, PrtScn au Print Screen. Jina hilo lina historia yake. Kompyuta ya IBM PC ilipotoka mwaka 1981, kubonyeza kitufe hicho pamoja na Shift kulipeleka maandishi ya skrini moja kwa moja kwenye printa, yakachapwa kwenye karatasi. Siku hizi printa haihusiki kabisa, ila jina lilibaki. Nimekutana na watu wanaokiogopa kitufe hiki wakiwa saiba, wakidhani wakikigusa tu watadaiwa pesa za kuchapisha. Usikiogope.

Kompyuta nyingi katika saiba zetu, shuleni na ofisini zinatumia Windows, kwa hivyo nitaanza hapo. Njia ninayoipendekeza kwa mtu anayetaka ushahidi wa ombi lake ni hii: shikilia kitufe cha Windows, kile chenye alama ya dirisha upande wa chini kushoto, na ukiwa bado umekishikilia, bonyeza PrtSc mara moja. Skrini itafifia kwa nukta moja hivi, kama mtu aliyepepesa macho. Basi, picha imepigwa na imehifadhiwa. Kuiona, fungua folda iitwayo Pictures, na ndani yake utakuta folda nyingine iitwayo Screenshots. Picha yako imo humo.

Kwenye vipakatalishi vingi kitufe cha PrtSc kimepewa kazi nyingine pia, kama vile kuongeza mwangaza au kuzima kipaza sauti. Ukiona umebonyeza na hakuna kilichotokea, rudia huku umeshikilia pia kitufe cha Fn, ambacho huwa karibu na Ctrl chini kushoto. Vitakuwa vitufe vitatu: Windows, Fn na PrtSc. Vidole vya mkono mmoja vinaweza visitoshe. Mwombe jirani akusaidie, si aibu.

Wengi hupotea wanapobonyeza PrtSc peke yake. Kwenye Windows za zamani kidogo, kubonyeza hivyo hupiga picha kweli, lakini haiihifadhi kama faili. Huiweka kwenye kumbukumbu ya muda, mahali pale pale maneno yanapokaa ukiyanakili. Lazima ufungue programu kama Paint au Word, ushikilie Ctrl na ubonyeze V ili ibandikwe, kisha uihifadhi mwenyewe. Ukizima kompyuta kabla ya kuihifadhi, imekwenda. Nimewaona watu waliokuwa na uhakika kuwa walipiga picha, na kweli walipiga, ila haikuwekwa popote. Kwenye Windows 11 za karibuni, PrtSc peke yake hufungua kifaa cha kukatia picha, nacho ni hiki nitakachoeleza sasa.

Shikilia Windows na Shift, kisha bonyeza S. Skrini yote inaingia kivuli. Ukiburuta kipanya kutoka kona moja hadi nyingine, sehemu uliyoizungushia ndiyo itakayopigwa. Kidirisha kidogo hutokea chini upande wa kulia. Kibofye, picha ifunguke, kisha shikilia Ctrl na ubonyeze S ili uihifadhi. Njia hii ipo kwenye Windows 10 na 11. Ni nzuri kwa kumwonyesha mtu sehemu moja tu ya ukurasa. Ukiwa na programu kadhaa zilizofunguka na unataka moja tu, Alt pamoja na PrtSc hunakili dirisha lile unalolitumia na kuyaacha mengine, ila hapo pia itabidi ubandike mwenyewe.

Wenye Mac, bonyezeni Command, Shift na 3 kwa skrini nzima, au Command, Shift na 4 kwa sehemu mtakayoiburuta. Faili itaonekana kwenye uso wa kwanza wa kompyuta. Kwenye Chromebook ni Ctrl pamoja na kile kitufe chenye mchoro wa mstatili na mistari miwili kando yake. Wanaotumia Ubuntu za miaka ya karibuni wabonyeze PrtSc, watapata kidirisha cha kuchagulia.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hata wanaojua vitufe hulikosea. Picha inaweza kuwa safi na bado isisaidie. Kijana mmoja aliniletea picha ya skrini iliyokatwa vizuri sana, yenye maneno mawili tu: "Umefanikiwa. Asante." Nani amefanikiwa? Katika nini? Lini? Alikuwa ameyakata yote yale ambayo fundi wa mfumo angeyatafuta.

Ukitaka picha iwe ushahidi, piga skrini nzima na uangalie kuwa vitu vinne vimo. Ujumbe wenyewe wa kupokelewa, bila shaka. Nambari ya ombi. Anwani ya tovuti, ile mistari ya herufi iliyo juu kabisa ya brauza. Na tarehe pamoja na saa, ambazo kwenye Windows huwa chini kwenye kona ya kulia. Anwani ina faida mbili. Humwonyesha anayekagua ni mfumo upi uliotumia, kwa kuwa leo mkazi mmoja anaweza kuwa ameomba basari ya kaunti, mkopo wa HELB na huduma za eCitizen katika wiki moja. Pia hukuonyesha wewe kama uko mahali pa kweli. Tovuti za serikali kwa kawaida huishia kwa .go.ke. Ukiona anwani imeandikwa jina la idara lakini mwisho wake ni kitu kingine, usitume kitambulisho chako kabla ya kuuliza.

Kuhusu saa, angalia kwanza kama ni ya kweli. Kompyuta za zamani zina betri ndogo ndani inayolinda saa. Ikifa, kila kompyuta inapowashwa tarehe huweza kurudi nyuma miaka mingi, mpaka mtu airekebishe au mtandao uirekebishe. Picha inayosema uliomba basari kabla mtoto hajazaliwa itazua maswali kuliko majibu. Mfanye mwenye saiba arekebishe saa kabla hujaanza kujaza.

Saa ina umuhimu mwingine ambao watu hawaujui. Mifumo mingi ya kompyuta huweka kumbukumbu ya kila kinachoingia, kwa mpangilio wa wakati. Ukimpa fundi jina tu, atatafuta kati ya majina mengi. Ukimpa nambari, tarehe na saa, anajua hasa pa kufungua.

Picha ya skrini inafaa pia mambo yanapokwama, pengine kuliko yanapofaulu. Tunapigiwa simu na mtu anasema, "Mtandao umekataa." Kukataa kuna aina nyingi. Huenda faili ya cheti cha kuzaliwa ni kubwa kupita kiasi kinachoruhusiwa. Huenda ulikaa muda mrefu bila kubonyeza kitu na mfumo ukakutoa. Huenda malipo hayajafika. Huenda nambari ya kitambulisho imeandikwa kimakosa. Kila moja ina dawa yake, na maandishi yaliyotokea kwenye skrini husema ni ipi. Basi ukiona maandishi mekundu usiyafunge kwa hasira. Yapige picha kwanza. Makataa yakiwa karibu, kama yale ya 30 Juni ya kuwasilisha ripoti za ushuru, picha inayoonyesha kuwa saa tano usiku ulikuwa unajaribu na mfumo ukakutoa haikuhakikishii msamaha, lakini utakuwa na neno la kusema.

Ukurasa mrefu hauingii wote kwenye picha moja. Unaweza kushuka na kupiga mara mbili tatu, mradi kila picha irudie mistari michache ya ile iliyotangulia ili ijulikane zinafuatana. Njia nyepesi zaidi ni kushikilia Ctrl na kubonyeza P kama unayetaka kuchapisha, kisha mahali pa kuchagua printa uchague kuhifadhi kama PDF. Brauza za Firefox na Edge nazo zina njia yao ya kupiga ukurasa mzima: Ctrl, Shift na S. Na ikiwa mfumo wenyewe unakupa risiti ya kupakua, ipakue hiyo kwanza. Risiti iliyotolewa na mfumo ina uzito kuliko picha uliyoipiga wewe. Picha ya skrini ni ya pale ambapo hakuna risiti, au risiti imekataa kufunguka.

Ukishapiga, lipe faili jina. Kompyuta itaiita Screenshot na nambari fulani, na baada ya mwezi utakuwa nazo arubaini zisizotofautishwa. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hii nayo ni daftari. Iite kwa jambo lenyewe, jina la mtoto na tarehe. Tarehe itenganishe kwa vistari, kwani Windows haikubali mkwaju ndani ya jina la faili. Kisha jitumie mwenyewe kwa barua pepe. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, maana picha za kawaida hupunguzwa ubora na nambari ndogo huweza kufifia.

Kabla ya kumtumia mtu mwingine, itazame tena kwa jicho la mgeni. Je, nambari ya kitambulisho inaonekana? Nambari ya simu? Jina la mgonjwa? Barua pepe iliyofunguka upande wa pili? Anayekagua ombi lako atahitaji baadhi ya hayo, lakini kikundi cha WhatsApp cha kijiji hakiyahitaji. Nenosiri na zile nambari za siri zinazotumwa kwa ujumbe mfupi hakuna afisa halali atakayekuomba uzipige picha. Unapoficha kitu, kifunike kwa mstatili wa rangi nzito isiyopenyeza. Usitumie kalamu ya kukolezea. Rangi yake ni nyepesi, na mtu akiongeza mwangaza wa picha anaweza kusoma kilicho chini. Kukata kingo nako si kinga kamili ikiwa programu ni ya zamani: mwaka 2023 iligunduliwa kuwa kifaa cha kukatia picha cha Windows 11 kilikuwa, ukihifadhi picha iliyokatwa juu ya ile ya kwanza, kinaacha mabaki ya sehemu iliyoondolewa ndani ya faili. Microsoft ilirekebisha kasoro hiyo Machi mwaka huo, lakini marekebisho humfikia tu anayeruhusu kompyuta yake kusasishwa.

Kwa wale wanaowajazia majirani fomu, na najua katika kila wadi mko, picha mlizo nazo ni taarifa za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda wenye taarifa hizo. Mpe mwenyewe picha yake, kisha futa ya kwako.

Niseme pia na wafanyabiashara wetu. Picha ya skrini huweza kughushiwa. Mtu mwenye ujuzi mdogo tu anaweza kubadilisha jina, kiasi au tarehe kisha akapiga picha safi kabisa. Mteja akikuonyesha picha kwamba amekutumia pesa, subiri ujumbe uingie kwenye simu yako na uangalie salio lako. Usimpe gunia la mahindi kwa sababu ya picha.

Kwa sababu hiyo hiyo, mahakama haiichukui picha ya skrini hivi hivi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini kifungu cha 106B kinataka cheti kinachoeleza rekodi hiyo ni ipi, ilitolewaje na kwa kifaa gani, kikiwa kimetiwa saini na anayehusika na kifaa hicho. Kifungu cha 78A nacho kinaitaka mahakama ipime jinsi rekodi ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Kwa hivyo ikiwa jambo lako linaelekea huko, labda ni mzozo wa ardhi au vitisho ulivyoandikiwa, usiifute faili ya kwanza, usiiandike juu, usiikate. Tengeneza nakala, nayo nakala ndiyo uichezee. Na kompyuta uliyoitumia ikumbuke ni ya nani.

Nafunga na saiba, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakofanyia mambo haya. Picha uliyoipiga huko imebaki kwenye kompyuta ya mtu, na anayeketi baada yako anaweza kuifungua. Jitumie kwanza, kisha fungua barua pepe kwenye simu yako uone kama kweli imefika na inasomeka. Usifute kabla ya hapo. Ikishafika, rudi kwenye folda ya Screenshots, bofya faili na ubonyeze Delete. Itakuwa imehamia tu kwenye pipa la taka, Recycle Bin, kwa hivyo lifungue uifute humo pia. Kama ulipakua risiti, angalia na folda ya Downloads. Bonyeza Windows na V uone kama kompyuta imewashiwa historia ya vitu vilivyonakiliwa, na ikiwa picha yako imo, iondoe. Mwisho kabisa toka kwenye akaunti yako na kwenye barua pepe, maana kufunga dirisha peke yake hakukutoi. Ndipo umlipe mwenye saiba na uondoke.